Usichomoe Waya

Alhamisi, saa tisa alasiri, Mawaleh.
Nje digrii arubaini na nne,
ndani mashine imeanza kusema uongo:
sahani ya kushoto naizungusha, haitoi sauti,
ya kulia sijaigusa, inajikwaruza yenyewe
kama mtu anayejibu swali la mwenziwe.

Harusi ya Shinuna ni saa tatu usiku, Barka.
Wanawake mia nne, simu zao zimeachwa mlangoni,
na ukumbi wa kike hauingizi dijei wa kiume.
Badriya wa Sohar kenda Salalah.
Yule mwingine kajifungua juzi.
Nimebaki mimi na kitabu cha maelekezo.

Kiwanda kinasema: programu ya ndani imezeeka,
pakua mpya.
Napakua. Si yake, ni ya mashine ndugu yake.
Napakua tena, huku natukana kwa Kiswahili,
kwani matusi ya Kiarabu Mama huyakemea,
ya Kiswahili huyacheka.

Bonyeza vitufe viwili, washa, usiviachie
mpaka taa zote ziwe nyekundu.
Sawa. Nyekundu.
Asilimia kumi na moja. Arubaini.
Sitini na tatu.
Sitini na tatu.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni, tone, tone,
sitini na tatu,
na chini ya namba maandishi yaleyale:
Usizime mashine. Usichomoe waya.
Halafu giza. Taa zote, pu.

Sajeevan, fundi wa Ruwi, yuko kwenye simu,
Kiarabu chake cha vipande, changu cha kukimbia.
"Haijafa, dada. Imesahau jina lake tu.
Waya gani umetumia?"
Mweupe, mita tatu, riyali moja.
"Ah! Mrefu, mwembamba.
Umeme unafika, neno linapotea njiani.
Tafuta mfupi, mnene. Wa printa."

Printa humu ndani ni moja.
Baba alipofunga duka la kuchapa hati
aliileta nyumbani kama jamaa aliyestaafu,
akaiweka mezani kwake, akaendelea:
barua za udhamini, maombi ya viza,
watu wa Seeb bado wanamgongea.
Miaka miwili hajaniuliza naendaje kazini.
Huita "ile shughuli yako," basi.

Nikasimama mlangoni.
Printa inatoa karatasi taratibu, kama inaisoma kwanza.
"Baba, naomba waya."
"Wa nini?"
"Wa kazi."
Hakuinua macho.
"Subiri ukurasa uishe.
Kitu kinachoandikwa hakikatwi katikati."

Nikasubiri. Mstari, mstari, muhuri, nafasi ya saini.
Kisha akainuka, akapinda mkono nyuma ya printa,
akauchomoa kwa vidole viwili,
akaufuta ncha kwa upindo wa kanzu.
Hakunipa.
Aliuchukua mwenyewe mpaka chumbani kwangu
ambako hajaingia tangu niweke spika.

Vitufe viwili. Washa. Nyekundu.
Kumi na moja. Arubaini.
Mimi nimefumba macho.
Sitini na tatu, najua bila kuangalia,
kwa jinsi maji yalivyoacha kudondoka
au mimi nilivyoacha kuyasikia.

"Sitini na nne," akasema Baba,
kwa sauti ileile ya dukani,
ya kuita namba za foleni.
"Sitini na tano. Sabini."
Akaita mpaka mia, hakuruka hata moja ya mwisho.

Nikavaa visikizio, nikagusa sahani ya kushoto.
Ikaitika.
Yeye hakusikia kitu; aliona mkono wangu tu,
ukienda, ukirudi.
"Jumapili nina wateja," akasema, "unirudishie."

Sasa ni saa tano usiku, Barka, bibi harusi anaingia.
Waya wa Baba haufiki nusu ya meza.
Nimeinama juu ya kompyuta kama karani,
na kwenye kidole cha shahada
doa la wino mweusi
ambalo sabuni ya ukumbi imeshindwa kulitoa.