Ua Ndani ya Ua

Kazi yangu Kordoba, Oktoba hii, ni ya kidole gumba:
kila mgeni akivuka kizingiti nabonyeza,
kijisaa cha chuma kinasema tik,
na jioni naandika jumla kwenye daftari la tamasha.
Siulizwi nimeona nini. Naulizwa wangapi.

Katika ua huu wa jumba la kale,
wenye vigae vya samawati na birika la maji yaliyolala,
msanii wa kutoka Rotterdam, kijana mrefu asiyepatana na jua,
ametundika mawaridi meupe elfu tisa
kwenye kamba kumi na nne, vichwa chini,
toka roshani hadi mchungwa, toka mchungwa hadi roshani.
Kibao kinasema: kazi hii yahusu kutokuwepo.
Wageni wanasoma kibao, wanatazama juu,
kisha wanawapa maua mgongo wajipige picha,
na kutokuwepo kunabaki nyuma yao, kumefifia kidogo.

Ua limo ndani ya ua,
na kisu kimo ndani ya neno.

Siku ya tatu akaja Bibi Casilda
na kopo lake la bati lililofungwa kwenye ufito mrefu,
wanavyomwagilia wa mitaa ya huku vyungu vya ukutani.
Nicanor mlinzi akamzuia: fimbo haziruhusiwi.
"Si fimbo, ni mkono," akasema.
"Huu mwingine siku hizi unaishia hapa,"
akajigusa bega.
Akauegemeza ule mrefu kwenye kiti changu, akaingia.
Tik. Mia nne na sita.

Hakusoma kibao.
Alipita chini ya kamba akihesabu kwa midomo.
"Hapa shuka za akina Pastora.
Hapa nepi, nepi, nepi,
tulikuwa watoto kumi na saba kwa vyumba sita.
Na ile ya mwisho, ya kivulini, ya mama yangu.
Aliyechelewa kodi alianika kivulini.
Gauni langu la komunyo lilinuka ukungu,
padri akapiga chafya."

Nilitaka kumwita msanii asikie.
Msanii alikuwa akihojiwa na televisheni.

Akaja kesho yake, na kesho kutwa, na mtondo,
akapanga foleni saa nzima na Wajapani na watoto wa shule,
akaliacha kopo kwangu, akaingia, akatoka.
Mawaridi yakageuka: maziwa, siagi, chai.
Ndivyo yalivyopangiwa, ilisema karatasi ya maelekezo.
"Nani anayanywesha?" aliuliza.
Hakuna, Bibi.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mtoto wa jirani hajala, na jirani yuko nyumbani.

Jumatatu, kabla ya kufungua,
nilikuta vigae vimelowa chini ya kamba ya mwisho,
ile moja tu, na matone bado yakianguka.
Mvua hatujaiona tangu Aprili.
"Umande," alisema Nicanor,
akichunguza funguo zake kana kwamba zimeongezeka.

Saa nne msanii akaja, akakunja uso.
Kamba kumi na tatu zilikuwa chai.
Ya kivulini ilikuwa bado nyeupe, nyeupe ya kiburi.
"Hii imechelewa," akasema.
Nami, mbele yake, nikacheka mpaka nikabonyeza mara mbili bila kujua.

Siku ya mwisho watu waligawana mabaki,
wakatoka na mashina makavu wameyakumbatia kama mikate.
Casilda hakuchukua ua.
Aliuliza kamba ni za nani,
akaambiwa ni mali ya tamasha,
akasema haya, akauchukua mkono wake mrefu
akaondoka nao begani, kopo likigonga ufito,
tak, tak, hadi pembe ya mtaa.

Yeye peke yake nimemhesabu mara tisa.
Mratibu alitaka namba kamili,
nikampa: elfu thelathini na moja, mia mbili na tano.
Akina Pastora hawamo. Nepi hazimo.
Nilikaa nao siku zote hizo
na kidole changu hakikuwahi kusema tik.