Mtajulishwa

Jina langu lilitoka kwenye kopo la maziwa,
kura ya haki, mbele ya watu, hapa Kizingitini:
nitaketi kwenye baraza la raia, niseme ya shule.
Nikashonesha buibui jipya. Swali langu nikaliandika
nyuma ya karatasi ya unga, lisinitoroke mbele ya wakubwa:
mbona ubao ni mmoja, umekatwa kwa mstari wa chaki,
darasa la tatu huku, la nne kule,
na mwalimu ni yule yule?

Ikaja barua: baraza limesogezwa, mtajulishwa.
Baada ya Idi, barua. Baada ya bajeti, barua.
Baada ya uchaguzi, barua yenye nembo mpya.
Viti vya kukodi vilirudi Mokowe havijakaliwa.

Somoe wangu alikuwa la tatu, upande wa dirisha.
Leo ndiye anayeuchora ule mstari,
mwalimu wa kibarua,
mshahara wake michango ya wazazi.

Jana nimempa barua ya saba anisomee.
Kasoma kimya. Kachomoa kalamu nyekundu,
kayapigia mstari maneno "hivi karibuni",
pembeni kaandika: Rudia.