Hayupo

Gazeti limetoa hesabu yake, kurasa mbili,
herufi ndogo kama chawa:
Sylvi Kortesluoma, mbunge kutoka Kainuu, miaka ishirini na minne.
Ndiyo, elfu nne mia tatu na kumi.
Hapana, elfu moja mia tisa na mbili.
Kura tupu, sita.
Hayupo, mara mia mbili na kumi na moja.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kahawa.

Ndiyo ya bungeni kwetu hutamkwa jaa.
Alibonyeza jaa, na kibaba kikajaa:
jaa kwa lami mpaka Hietakoski,
jaa kwa kuwinda mbwamwitu, watu wa Helsinki wakamzomea,
jaa kwa kodi ya mboji ya kuchoma,
kisha, miaka minne baadaye, hapana kwa kodi ile ile,
kwa kidole kile kile,
maana chama chake kilikuwa kimehamia viti vya upande wa pili.
Waandishi wakamwita bendera fuata upepo.
Alicheka. Upepo wenyewe, aliniambia,
huletwa na katibu wa chama saa tatu asubuhi,
umepigwa chapa, una muhuri.

Kabla ya hapo alikuwa mkunga.
Mikono yake ilikuwa mikubwa, kikombe kilipotelea humo.
Waliompeleka Bunge mara ya kwanza walikuwa akina mama,
baadaye watoto wenyewe, hata wasiompenda:
alinikata kitovu, walisema, nami nimkate jina?

Ukafika Novemba, na theluji ya maji maji,
na mswada wa kufunga wodi za uzazi
zinazozalisha watoto chini ya elfu kwa mwaka.
Ya kwao ilikuwa na mia mbili na wanane.
Chama kilitaka jaa.

Kengele ya Bunge hulia kila mahali,
chooni, ndani ya lifti, juu ya majiko yangu.
Wakaacha maandazi yameumwa nusu, wakakimbia,
mmoja bado na kitambaa shingoni.
Sylvi hakuinuka.
Alitia sukari, yeye asiyekunywa sukari,
kijiko, kijiko, kijiko,
akakoroga.
Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Kile kilikuwa na mlio wa bati kwenye udongo wa kikombe,
nami nilikuwa nafuta meza iliyokwisha takata.

Tisini na saba kwa tisini na sita.
Sare ingeuangusha, kanuni ndivyo zilivyo.
Kidole kimoja tu.

"Umepita?"
"Umepita."
Akanywa yote, na ile sukari iliyotuama chini,
akashukuru kwa kahawa.

Alichaguliwa tena mara mbili.
Wodi ikawa ghala la vitanda, kisha ukumbi wa mazoezi.
Mpwa wangu Kaisu alijifungulia garini,
kilomita ya sabini na mbili, njia ya Oulu,
mumewe ameshika simu kwa meno
na mkunga akimwelekeza kutoka mbali.
Mtoto mzima. Sasa ana miaka tisa, anacheza magongo ya barafuni
na hapendi kuoga.
Wiki ile ilifika bahasha: soksi za sufu, ndogo kama vidole gumba,
hakuna barua, hakuna jina.
Nani alimwambia?
Mimi. Nilimwambia nikimrudishia chenji,
na nilimtazama usoni nilipokuwa nikisema,
jambo ambalo sijui kama ninalijutia.

Wenye kuhesabu wamehesabu vizuri.
Katika zile mia mbili na kumi na moja kuna homa,
kuna mazishi ya mama yake, kuna ndege iliyochelewa Brussels,
na zote zimeandikwa neno moja.
Lakini siku ile alikuwepo. Ni hatua arobaini hadi mlangoni;
nilizipima jioni hiyo, baada ya kufunga.

Kwa hiyo nimechukua kalamu ya risasi,
nimetafuta tarehe, nimepigia mstari
hayupo,
na pembeni, kwa mwandiko wangu wa risiti:
kahawa moja, sukari vijiko vitatu.
Imelipwa.