Nakala

Chini ya mahakama ya kaunti, Georgia,
chumba kinanuka karatasi na dawa ya mende.
Karani ametufungulia jalada moja, mimi na Ozella.
Tumejuana jana. Ukoo wetu ni mmoja kwa jina: Tarpley.
Kwangu lilishuka kwa ndoa.
Kwake lilishukaje, tumeacha kuulizana.

Nilikuja kumtafuta Hiram.
Nyumbani tuliambiwa alikuwa maskini mcha Mungu,
aliyefyeka msitu kwa mikono yake.
Mikono yake, naam. Nimeihesabu humu:
ishirini na miwili,
ukiacha ya mtoto.

Ozella alikuja kwa njia ya nyuma,
miaka tisa akipanda sensa kama ngazi bovu.
Mwaka 1870 Dorcas ana jina, ana kuku, ana mume fundi pipa.
Kabla ya hapo ni mstari tu:
mwanamke, mweusi, kumi na minane.
Mguu unakanyaga hewa.

Sasa huu hapa wasia, Machi 1851.
Kwa mke wangu Permelia, birika la shaba na nyumbu chongo.
Kwa binti yangu Lavinia, saa ya ukutani,
Dorcas na mtoto,
na uzao wake wote utakaofuata.

Mtoto hana jina. Ana "na" peke yake.

Na mwandiko, jamani, mwandiko ni mzuri!
T yake ina mkia unaozama chini kisha ukarudi juu,
kama wa bibi yangu kwenye daftari la mapishi,
kama wangu, asubuhi hii,
katika rejesta ya wageni pale mlangoni.
Nimeuficha mkono mfukoni, kana kwamba umeshikwa na kitu.

Ozella haangalii herufi.
Ameweka ukucha juu ya neno "uzao"
na hauondoi.
"Mimi hapa," anasema.
Hasemi na mimi.

Nakala ni senti hamsini.
Nikawahi kufungua pochi; wema una haraka zake.
Akanizuia kwa kiganja, taratibu, kama unavyomzuia mtoto barabarani.
"Hapana. Huyu, watu wako walishamlipia."

Akahesabu sarafu zake moja moja, akaomba risiti.
Karani akauliza aandike jina la nani.
Ozella akalitaja, herufi kwa herufi,
D, kisha o, kisha r,
akasimama pale pale
mpaka wino ukakauka.