Joto la Mwisho

Renatus aliingia na theluji mabegani,
hakuikung'uta mlangoni kama nilivyomfunza.
Akanyoosha miguu kwenye jiko, akasema:
Shangazi, nimeliombea jambo la Gustav,
ile injini aliyoikopa ikarudi imekufa.
Nimepata amani. Sitasema naye tena.
Moyo umetulia tuli, kama maji mtungini.

Nikammiminia chai. Sikujibu haraka.
Hapa Nain, maji yakitulia tuli
ndipo tunapochukua fimbo ya chuma.

Baba yangu hakuiuliza barafu inajionaje,
wala hakujiuliza yeye.
Aligonga. Hatua moja, akagonga.
Ikilia kavu, anapita. Ikinyamaza, anazunguka,
hata kama mzunguko ni wa nusu siku
na mbwa wanamwona mjinga.

"Lakini hii si barafu," akasema Renatus.
"Huyu ni Roho."
Akaweka kiganja kifuani, pale pale
Titus mume wangu alipokuwa akiweka.

Basi nikamwambia nisichowahi kumwambia.
Siku walipomleta Titus kwenye sleji
walisema amelala tu, uso wake mzuri.
Hawakunieleza koti lilikuwa wapi.
Mwaka wa tatu ndipo mzee Boas alipolitoa la moyoni:
koti lilikuwa kando yake, limekunjwa,
glavu juu yake, zote mbili,
kama za mtu aliyefika nyumbani.

Maana baridi ina ujanja wake.
Kwanza inauma. Kisha inaacha kuuma.
Kisha, mwisho kabisa, linakuja joto,
joto tamu, la jikoni, la kifuani mwa mama,
na mtu aliye hatua mia tano kutoka taa za kwake
anavua koti
akishukuru.

Sijui kama Titus aliomba saa ile. Nadhani aliomba.
Nadhani alikuwa na amani kukushinda wewe.

Renatus akatazama dirisha.

Sisemi moyo ni mwongo saa zote, mwanangu.
Mimi mwenyewe, nilipomsengenya Rosina
kwa habari ya pesa za kwaya,
sikulala siku nne. Hakuna aliyenihubiria.
Tumbo tu lilikataa chakula.
Nikaenda, nikabisha, na kila neno liliuma
kama vidole vinavyorudiwa na damu.
Wayajua maumivu hayo. Mtoto hulia akidhani anakatwa,
kumbe anarudishiwa mkono wake.

Moyo ulisema kweli siku ile.
Lakini sikujua kwa kuwa uliniuma;
wivu nao umewahi kuniuma, umevaa kanzu ya nabii.
Nilijua kwa kuwa nilipoigonga hisia ile kwa Neno
ililia kavu.
Na hii amani yako?
Umeigonga, au umeilalia?

Tena zipo Jumapili, hili usimwambie mchungaji,
tarumbeta zinalia nje ya kanisa
na mimi sihisi kitu. Ubao ni ubao, wimbo ni wimbo.
Naimba sauti ya pili hivyo hivyo,
kwa kuwa wa sauti ya kwanza wananiegemea.

Hakujibu. Alikunywa chai hadi kwenye majani.
Akavaa koti, akafunga zipu mpaka kidevuni,
akakawia kizingitini kama aliyesahau kitu,
akatoka.

Nikasikiliza pikipiki yake ya theluji.
Kushoto ni kwa Gustav. Kulia ni kwake.
Upepo ulichanganya kila sauti.
Moyo ukaniambia: kushoto, Tabea,
ameenda kushoto, lala.
Na joto likanijia, tamu.

Nikatafuta buti zangu,
nikawasha tochi,
nikatoka kuangalia alama.