Robo Inchi Kasoro Unywele

Kwanza fua kitambaa, kipige pasi kingali na unyevu,
kitie wanga hadi kilie kama karatasi.
Kisha kata: mstatili mmoja wa bukini,
inchi mbili na nusu kwa nne na nusu,
na miraba miwili ya anga.
Kunja kila mraba mshazari, uutie alama kwa ukucha,
na usishone juu ya alama,
shona uzi mmoja pembeni, upande wa kona,
maana mkunjo nao una tumbo, nao hula.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha Justina,
mimi nina miaka tisa, kidole kimetobolewa.
"Anganetha, bukini ana mdomo mmoja tu.
Ukiumeza kwenye mshono
atakula nini hadi afike Texas?"
Akanifumulia mara nne usiku ule
kwa mwanga wa taa ya mafuta
na hakupandisha sauti hata mara moja. Hilo ndilo liliniuma.

Alikufa Machi, ardhi ya Manitoba ingali chuma.
Juni mkamwana wake akaniletea boksi la viatu vya theluji:
safu saba zimekwisha, bukini kumi na wawili kila safu,
weusi, kahawia, na wa rangi ya haradali
niliyoitambua — gauni la mama, la jikoni.
Na kikaratasi: Bado tano. Kwa mnada.

Mnada wa kanisa ni Oktoba.
Tabea Wiebe hupita kati ya mifarishi, mikono nyuma,
akihesabu midomo.

Nikashona safu ya nane kwenye cherehani yangu.
Inchi ishirini na nne kamili, kila ncha mwiba.
Nikailaza kando ya ya saba.
Ya Justina: ishirini na tatu na robo.
Nikapima tena. Nikabadilisha miwani.
Nikageuza upande wa nyuma, na rula ikasema:
kila mshono umezidi unywele.
Unywele, mara mishono kumi na mmoja.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
hakuna aliyenionya kwamba haba na haba
hukipunguza pia.

Na midomo yao!
Bukini themanini na wanne, butu wote,
kana kwamba wamegonga kioo.
Dada yangu, yule yule.

Nikachukua kifumulio. Nyuzi tatu, nne.
Uzi ulitoka umejipinda,
bado unakumbuka matundu yake.
Nikakiweka chini.

Nyumba yake ilinuka sabuni na vitunguu vya zamani.
Cherehani ilikuwa chini ya shuka.
Juu ya bamba, kando ya sindano, kipande cha tepu ya manjano,
mpaka aliojiwekea wa kuongozea nguo,
na tepu hiyo ilikuwa imeteleza.
Unywele tu.
Nikainama, uso karibu na bamba,
na hapo ndipo nilipoelewa: hakuuona.
Tangu mavuno yale aliyokataa kuendesha gari
akasema magoti, magoti yanamsumbua,
ilikuwa ni macho. Alishona kwa kidole,
kidole kikaamini tepu.

Nje, juu ya mabua ya ngano, walikuwa wanapita,
mkono mmoja wa kundi mrefu, mwingine mfupi,
wa nyuma kabisa akipiga kelele kuliko wote.
Hakuna aliyewanyoosha.

Safu ya nane, ile yangu iliyo kamili, nikaifumua.

Nimeketi kwenye kiti chake, mto wake mgongoni.
Tabea atahesabu. Atafika sitini, atainua nyusi,
atafika mia na arobaini na nne
na hatapata mdomo hata mmoja.
Na ahesabu.
Kona ya tepu imenyanyuka kidogo.
Naikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba,
pale pale ilipo.