Fomu ya Zamu ya Usiku

Fomu yetu ina mistari kumi na mmoja.
Saa ya simu. Muda wa simu. Umri, akikubali kuutaja.
Chini kabisa, visanduku viwili vidogo kama meno ya mtoto:
Je, mpigaji amesaidika? Ndiyo. Hapana.

Tuko juu ya duka la dawa, Langoni,
mimi na Bi Mwanamkuu na feni inayokoroma.
Saa nane na dakika tatu mtu alipiga, hakunena.
Nilisikia pumzi. Nilisikia punda akilia upande wake,
na punda huyohuyo akilia dirishani kwangu.

Nikafunga dirisha polepole, naye asije akamsikia.

Tulifundishwa: kimya usikiharakishe.
Nikakiacha kikae, kama mgeni aliyekataa chai.
Dakika tisa. Kisha:
"Mato yangu hayalali tangu mwanangu azikwe.
Hitima imesomwa, watu washarudisha masufuria.
Kila mtu hunambia subiri. Nasubiri.
Lakini namkasirikia. Namkasirikia maiti.
Muyi huu una masikio, hilo nimwambie nani?"

"Niambie mimi."
Sikuwa na jingine. Sikuwa na methali
ambayo haikuwa imeshamfikia mlangoni.
Akaniambia: bangili zilivyouzwa, kisha redio, kisha godoro,
sindano aliyoikuta ndani ya kiatu cha Idi,
na jinsi kijana alivyokuwa akicheka, akicheka vizuri,
hata siku ile.

Niliijua sauti. Kwenye neno la tatu niliijua.
Ahadi yetu ni kwamba jina hatuliulizi,
na likituangukia, tunalifukia.

Mwisho hakusema asante. Alisema, "Haya."
Akakata.

Kalamu ikabaki hewani.
Ndiyo? Mwanawe angali makaburini.
Hapana? Amesema dakika arobaini na sita
aliyokuwa hajayasema kwa miezi minne.
"Tia ndiyo," akasema Bi Mwanamkuu, akipiga miayo,
"wafadhili hupenda ndiyo."
Nikaacha wazi.

Asubuhi nilisimama kichochoroni, moshi wa karai usoni.
"Mangapi?"
"Mahamri manne, na mbaazi."
Akanifungia matatu. Sikumsahihisha.
Alikuwa amegeuka, akimwambia jirani kwa sauti ya kawaida,
kama mtu anayetaja bei ya unga:
"Yeo nimelala. Saa mbili nzima."

Fomu haina mahali pa kuandika saa mbili.